Maneno kumi na mbili ya maman wa sambaza

Juzi pale soko la Nguba, bwana mmoja mwenye tai alikuwa anamushawishi maman muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, apokee bitcoin kwa simu. Kumuonyesha, akamutumia bei ya bakuli moja. Simu ikalia kabla maman hajamaliza kufunga samaki.

“Umeona? Mbio kabisa, na hakuna banki inashika pesa yako. Ufunguo ni haya maneno kumi na mbili, nimekuandikia ku karatasi hii. Ukiyapoteza, pesa imekwenda. Mutu akiyaona yote, amekuibia.”

Maman akainua karatasi kwenye jua, kama anavyokagua dolari akitafuta mahali imepasuka.

Wiki hii mwenye tai amerudi, nami nipo na kikapu changu. “Maman, karatasi umeficha wapi?”

“Nilichoma mu babula ya makaa. Wamama wa shirika letu la kusali tuko kumi na mbili. Kila mumoja anashika neno lake, kwa mupango wa vile tunakaa ku misa.”

Bwana akashika kichwa. “Na wakipatana wakuibie?”

“Wapatane?” Maman akacheka mpaka bakuli likamwaga sambaza. “Wawili hawaongeleshani tangu Pasaka.”

Banki yangu ina mlinzi na kamera, lakini ulinzi kama huo haina. Jumapili nimewaombea wamama wote afya njema, na wale wawili wasiharakishe kupatana.