Chanjo Ambayo Lionel Hakuipata

"Ukiugua huko uendako, utamwita nani?" Bibi aliniuliza hivyo kwa Kirundi, asubuhi tulipoondoka Muyinga, huku akinifunga vifungo vya sweta ambavyo ningeweza kuvifunga mwenyewe. Nilikuwa na miaka minane. Nilimtazama mama, aliyesimama mlangoni na mdogo wangu Lionel mgongoni, nikitumaini atanijibia. Mama aliendelea kuangalia barabara.

Msimu ule ulikuwa umeanzia Gitega, nyumbani kwetu mtaa wa Musinzira, wakati wa mvua. Baba alikuwa amepata kazi ya useremala Zambia, na tulikuwa tuhamie huko sote wanne kwa basi, kupitia Tanzania. Kabla ya safari ilitubidi kuchanjwa homa ya manjano. Hadi leo nikikutana na harufu ya spiriti iliyochanganyika na harufu ya nguo mbichi zinazokaukia mwilini, narudi kwenye benchi la kituo kile cha afya, ukungu ukiwa bado umeganda juu ya mikalitusi nje ya dirisha. Muuguzi alitoa vichupa vidogo kwenye sanduku la barafu bila haraka yoyote. Mfanyabiashara mmoja wa vitenge, Mkongomani mwenye kifua kipana, alifumba macho kabla hata hajaguswa, na mkewe akawatangazia watu wote benchini kwamba huyo ndiye anayemlinda na wezi. Baba alicheka sana, kisha zamu yake ilipofika naye akafumba. "Papa, fungua macho," muuguzi alimwambia, "nimemaliza zamani." Nilichomwa mimi, akachomwa mama. Lionel muuguzi alimgusa shavu tu, akasema bado mdogo, arudishwe akitimiza miezi tisa. Mama alishukuru, akamfunga mgongoni, tukatoka.

Njiani baba alitaka turudi tukaulize kama mtoto anaweza kuvuka mpaka bila chanjo. Mama alikataa. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na huko walifundishwa adabu ya foleni mapema kuliko kusoma: unainamisha macho, unapokea unachopewa, unaondoka. Aliyeuliza swali aliambiwa asimame pembeni, na aliyesimama pembeni alipata mwisho au hakupata kabisa. "Usiwaulize," alimwambia baba. "Ukiuliza watatuangalia vizuri, na wakituangalia vizuri watawazuia hata nyinyi." Baba, ambaye naye alikuwa amekula mahindi ya msaada katika kambi ileile, hakubisha. Wakakubaliana kwamba mama abaki na Lionel kwa bibi, Muyinga, karibu na mpaka, hadi mtoto afikishe umri wa kuchanjwa, kisha watufuate. Nikauliza kwa nini tusisubiri wote. Baba akasema kazi haitamsubiri, na kwamba nina maswali kuliko mwalimu.

Pale stendi ya Muyinga mama alinipa viazi vitamu vya kuchemsha, vikiwa bado vya moto ndani ya jani la mgomba, akanionya nisivimalize kabla hatujavuka. Jua lilikuwa kali na Lionel analia, kwa hiyo hakusubiri basi liondoke. "Msikilize baba yako," alisema. "Mimi nakuja." Nilimwona akikata kona ya soko, mkono mmoja nyuma ukimpigapiga mtoto makalioni ili anyamaze.

Malaria ilimchukua mama kabla mvua hazijaisha. Habari ilifika kwa simu ya jirani yetu kule Zambia. Baba aliipokea, akarudi kwenye kibanda chake cha kazi, akaendelea kupiga randa ubao uleule hadi ukawa mwembamba usiofaa kitu. Hakuna aliyeniambia. Nilielewa kwa kuutazama ule ubao.

Sasa naishi tena Gitega. Nilirudi kusoma chuo kikuu, na marafiki zangu wamechoka kungoja nje ya ofisi ambamo siondoki mpaka nijibiwe. Lionel bado yuko Muyinga kwa bibi, kijana mrefu anayeniita dada na kuniachia kiti kizuri, kama anavyomfanyia mgeni yeyote. Yeye hamkumbuki mama, mimi namkumbuka, na hatujawahi kukubaliana nani alipoteza zaidi. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba angalau hakukuwa na njia nyingine: mtoto hakuwa amefikisha umri, na sheria ni sheria. Ndiyo sheria pekee ambayo sikuwahi kuihoji, kwa sababu niliihitaji.

Mwaka jana nilisafiri kwenda kumwona baba. Mpakani, mbele yangu kwenye foleni, alikuwa mama mmoja wa Kivu mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Alimwita ofisa wa afya kwa sauti ya sokoni: "Chef, huyu wangu hana chanjo, iko na miezi tano. Tunapita, ao mi naye tunalala hapa?" Watu walicheka. Ofisa hakuinua hata kichwa. "Pita, mama. Mtoto wa chini ya mwaka haombwi chanjo."

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza kanuni hiyo ilianza lini. Akanijibu kwamba aliikuta alipoajiriwa. Mwaka alionitajia, Lionel alikuwa hajazaliwa.