Ngwatio ya watoto wa nursery kule Endarasha, na siku Nyambura alikosa kuja

Hamjambo wakuu, pamoja na watoto wangu wote mnaosoma hapa. Hii niliiona na macho yangu, sitii chumvi. Naandika pole pole na simu, mnivumilie.

Kwanza niwaambie tulikuwa nani. Ni Endarasha, miaka ya tisini, nursery ya kanisa. Mwalimu alikuwa Wangechi, binti wa marehemu dada yangu. Mimi nilipika uji, na watoto wote waliniita Cucu, yaani nyanya.

Watoto walikuwa tisa. Muriithi, mjukuu wangu. Wahome na dada yake Gathoni, wa jirani yangu. Mapacha Wanja na Njoki, wa mwenye posho mill, ile ya kusaga unga. Kariuki wa fundi wa viatu. Mathenge na Wamuyu, baba zao ni ndugu. Na Nyambura, aliyelelewa na Guka Ndirangu, babu yake, kwa sababu mama alikuwa kazi Nanyuki.

Msihangaike na majina yote. Shikeni la Nyambura.

Kila mtoto alikuwa na shamba yake ndogo ya maharagwe nyuma ya kanisa, hatua tatu tu. Wangechi alitaka wajifunze kufanya kazi pamoja, ile mnaita teamwork. Wapi! Mmoja akikanyaga kwa mwingine, ni vita.

Nikamwambia, "Wangechi, hii kitu tuko nayo. Si tuwafanyie ngwatio?"

Kwa wasiojua, ngwatio ni wamama kulimiana kwa zamu. Leo wote kwangu, kesho wote kwako.

Tukaanza na ya Muriithi. (Ndio, nilianza na wangu. Nisameheni.) Wuui! Mngeona hao watoto! Vijiti, vijembe vilivyoisha, wimbo juu, na magugu yote nje kabla uji ichemke!

Halafu Muriithi akasimama, mkono kiunoni. "Cucu, na chakula iko wapi? Kwa ngwatio ya mama watu hukula."

Nikacheka, nikasema, "Ni kweli. Mwenye shamba ndiye hulisha watu."

Hapo ndipo nilikosea.

Kesho yake mama Wahome akatuma githeri, mahindi na maharagwe. Kwa Kariuki, mukimo, viazi vya kupondwa na mboga. Kwa mapacha, chapati! Ikawa mashindano ya wamama, na mimi nafurahia tu, nakula.

Siku ya tisa ilikuwa ya Nyambura. Hakuja. Siku iliyofuata pia, hakuja.

Wangechi akaenda kuuliza. Guka akamwambia, "Mtoto anasema hana kitu ya kupea watu wa ngwatio. Na mimi siwezi kumtuma akaaibike. Akae hapa mpaka afike umri wa class one."

Ati akae! Miaka miwili, peke yake na mbuzi! Na maharagwe yake ilikuwa imemezwa na magugu.

Nikawaita wale wanane, nikawaambia ukweli. "Nyambura hakuji kwa sababu ya maneno yangu ya chakula."

Halafu mmoja akasema, "Cucu, mimi niko na kiazi."

"Yetu ni kubwa kuliko yako!" mwingine akadakia.

Kariuki akasema, "Mimi nitaleta chumvi. Lakini nitailamba kidogo njiani."

Asubuhi walikuja mifuko imefura viazi. Hatukuingia hata darasani. Tulienda moja kwa moja kwa Guka, tukasimama kwa lango tukipiga kelele, "Nyambura! Toka tukulimie!"

Akachungulia mlangoni. "Sina chakula."

Muriithi akamjibu, "Nani amekuuliza? Njoo utuonyeshe mahali shamba yako inaishia, tusilimie Wamuyu bure."

Akatoka mbio, bila viatu! Guka akakohoa, akavaa kofia, akatufuata na jembe lake.

Tukalima, tukapika. Nikampa Nyambura mwiko. "Wewe ndiye mwenye shamba. Gawa."

Akagawa polepole, kila kikombe, mpaka cha Guka. Alipomaliza, sufuria ilikuwa tupu na yeye hana kitu. Nikainuka nimpe yangu.

Sikufika. Wale watoto wanane walishamzunguka, kila mmoja akiweka kipande kwa kikombe cha Nyambura. Kikajaa, kikamwagika.

Wanja akalia, "Sasa yake ni mingi kuliko ya kila mtu!" Na vita ikaanza tena, lakini hiyo ilikuwa tamu.

Wakuu, hakuna mtu aliwafundisha hiyo ya mwisho. Si mimi, si Wangechi. Mkifundisha watoto kazi ya pamoja, angalieni nani amekosa kuja, na mjiulize ni nini mlisema.

Semeni yenu pia, nitasoma pole pole.

Na jambo moja. Miaka hii yote nimesema aliyetoa kiazi cha kwanza ni Muriithi, kwa sababu ni wangu. Lakini nikifumba macho, sauti ninayosikia ni ya Gathoni. Gathoni, kama uko hapa, ama yeyote wa wale wanane, nisahihishe.