Siku Mzee Afande Alipovuliwa Koti

Juma lililopita nilishuka Same kumsalimia dada yangu. Baada ya chakula cha mchana watoto wake wakawasha televisheni, wakaweka tamthilia ya siasa wanayoifuata kila Jumapili. Siku hiyo mbunge kijana alisimama akataka Bunge limpe heshima askari mmoja mzee, aliyepigana vita kisha akasahauliwa kijijini kwake. Mzee akaingizwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, wabunge wote wakasimama, wakapiga meza. Dada alifuta machozi. Mimi nilikwenda jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Acha nikueleze kwa nini.

Nililelewa na bibi huko juu milimani Upare, ambako ukidondosha kiazi shambani unakwenda kukiokota mtoni. Asubuhi zetu zilinukia moshi na tangawizi mbichi. Kabla ya shule nilichota maji mferejini, nikafagia uwanja, nikala makande yaliyolala, bado yana joto la majivu. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa haunyanyuki mpaka saa nne, na tulikuwa tukitembea tumeficha mikono kwapani.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mzee aliyeishi peke yake. Watoto tulimwita Mzee Afande. Alikuwa amepigana vita vya Uganda, akarudi na sikio moja lililokufa na mguu wa kuburuta. Mkewe alikuwa amefariki. Vyeti vyake vya jeshi vililiwa na mchwa, sanduku zima, likabaki koti tu la jeshi lililokuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Watu walimwona mwenye majivuno, maana ukimsalimia upande wa sikio bovu hakuitikia. Bibi alimpelekea makande, naye alimzibulia bibi mfereji kila udongo ulipoporomoka.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu alinichagua kusoma shairi Siku ya Mashujaa, mjini Same, mbele ya wakubwa. Nilikuwa na sauti ya kifaranga. Mzee Afande aliposikia, alinisimamisha ng'ambo ya korongo, yeye akasimama ng'ambo ya pili, akaweka kiganja kwenye sikio zima.

"Soma, mjukuu wangu. Ukisikika kwangu mimi kiziwi, utasikika kwa wakubwa."

Wiki mbili nzima, kila jioni baada ya kukata majani ya mbuzi, nilimpigia kelele za mashujaa wa taifa kuvuka lile korongo. Siku aliponyanyua mkono kuonyesha amenisikia mpaka ubeti wa mwisho, nilikimbia hadi nyumbani.

Siku yenyewe tulishuka kwa lori, wanafunzi na akina mama wa kanisa, bibi akiwa miongoni mwao. Same kulikuwa na jua na vumbi. Tulipopangwa mstari karibu na jukwaa, nilimwona Mzee Afande amekaa kiti cha mbele, amevaa koti lake, vifungo vyote vimefungwa, mgongo umenyooka. Alikuwa ameteremka mlima tangu alfajiri, peke yake, kwa mguu ule.

Mgambo mmoja alimwinamia.

"Mzee, nguo hii umeipata wapi?"

"Nilipewa jeshini."

"Kitambulisho?"

"Kililiwa na mchwa."

Mgambo wa pili akacheka, kisha akaacha kucheka. Raia haruhusiwi kuvaa nguo za jeshi, akasema. Akatugeukia sisi. "Nyinyi si mmetoka huko juu? Kuna anayemfahamu mzee huyu?"

Nilihisi mkono wa mwalimu begani, mzito. Sisi ndio tuliokuwa tunafuata kwenye ratiba. Mwalimu alitazama karatasi yake. Mzee Afande alinitazama mimi. Nilikuwa na shairi zima kinywani, na sikuweza kutoa neno moja.

"Msiwasumbue watoto," alisema. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akalikunja koti kwa pembe zilizonyooka, akawakabidhi kwa mikono miwili. Akaondoka na fulana yake iliyotoboka, akiburuta mguu kuelekea barabara kuu.

Kisha jina langu likaitwa, nikasoma. Rafiki yangu, nilisoma vizuri. Walinipigia makofi, mgeni wa heshima akanipa daftari na kalamu.

Alirudi kijijini siku ya pili, kwa miguu, kwenye ukungu ule, na ile fulana. Bibi alinituma na bakuli la makande. Nilimkuta amejikunyata mekoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Alikohoa muda mrefu. "Nilikusikia mpaka barabarani. Hukuruka hata ubeti mmoja."

 Kikohozi kile hakikumwacha. Alifariki kabla ya mvua za vuli, na kaburini mchungaji alipouliza nani atasoma wasifu wa marehemu, wanaume walitazama kofia zao. Tukaimba, tukafukia.

Nilimaliza chuo ndipo nikamwambia bibi jinsi nilivyonyamaza siku ile, tukiwa tunamenya ndizi. Nilidhani atanifariji au atanikemea. Aliendelea kumenya.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa mtu mzima. Nilikuwa nimekaa pale na wenzangu, nikamwona akivuliwa. Nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu."

Hatukulizungumza tena mpaka naye alipofariki.

Kesho yake, baada ya ile tamthilia, nilipanda bodaboda kwenda juu. Nyumba ya bibi imeanguka. Mfereji umekauka, siku hizi wana bomba. Kwa Mzee Afande ni shamba la tangawizi, la kijana aliyelinunua kwa mpwa wa marehemu. Alinisikiliza kwa adabu, jembe begani. Hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu amelala pale.

"Basi nionyeshe mahali, mama," alisema. "Nitaweka mawe, pasilimwe tena."

Nikaingia kati ya matuta. Msalaba ulikuwa wa mti, umeshaoza. Nilitafuta kisiki, jiwe, chochote, nikapanda na kushuka mpaka viatu vikajaa udongo, yeye akiningoja. Mwishowe nilionyesha kidole mahali fulani. Kijana akaanza kukusanya mawe, na sikumwambia kwamba nimebahatisha.