Saa Mbili Hadi Kinshasa

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, na ile ya kwanza ilikuwa ya kumtoa Lubumbashi kwenda Kinshasa kupasuliwa moyo. Daktari alisema wataalamu wako kule, na asichelewe. Jioni ya kuamkia safari nilimwomba binti yangu atafute kwenye simu umbali kati ya miji hiyo. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho, kwamba ni saa mbili na kitu kwa ndege. Nilikasirika. Alilisema kirahisi mno.

Asubuhi ya huku Houston, binamu aliyempeleka Mama uwanjani alinipigia kusema ndege imeruka. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko kwenye kazi ya hoteli, lakini sikupumzika. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Niliendesha gari hadi duka la Wakongo hapa mtaani Alief kununua pondu, yale majani ya muhogo, nikarudi bila pondu. Saa mbili zilipita, zikapita nyingine. Simu ya Mama ilikuwa imezimwa, na mpwa wake aliyekwenda kumpokea Kinshasa hapatikani. Ndege za kwetu nazijua: kwenye simu zinakwenda moja kwa moja, angani zina mambo yao.

Ndipo kaka yangu akanipigia kutoka Cedar Hill, kule Dallas.

"Mama alifika?"

Nilikuwa nimechoka, tena sikutaka apate wasiwasi akiwa kazini, katikati ya mashine. "Ulikula?" nikamwuliza. "Kula kwanza, tutasemezana."

"Niko nakuya," akasema, akakata simu.

Kwetu habari ya kifo haipitishwi kwenye simu. Anatumwa mtu wa karibu, anafika, anakuketisha, anahakikisha umekula, ndipo anasema. Na mtu haachi kazi katikati ya wiki akaendesha gari kutoka Dallas hadi Houston kwa ajili ya salamu tu. Nikajua wamemwambia yeye kwanza, kwa kuwa ni mwanamume, na hilo nalo likaniuma. Nilivua hereni. Nilisogeza viti ukutani ili watu wapate pa kukaa, nikafagia huku nalia, nikiwa na hasira na Mungu, na daktari, na binti yangu na saa mbili zake.

Kaka alipoingia macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu. Tulishikana pale mlangoni, tukalia mpaka sauti zikakauka.

"Nani alikuambia?" nikamwuliza mwishowe.

"Ni weye. Uliniambia nikule kwanza."

Ningeweza kumpiga. Tulikuwa bado tunatazamana simu ilipolia, na aliyepiga alikuwa Mama. Ndege ilitua Mbuji-Mayi kungoja mvua ipite, alisema; sasa amefika Kinshasa, na njia nzima hakupewa hata chai. Alikuwa akilalamika kwa nguvu, na mimi sijapata kusikia kitu kitamu kama hicho. Kaka akashindwa kujizuia, akaita, "Mama!"

Mama akaisahau chai papo hapo.

"Muko pamoja?" Mama akauliza polepole. "Siku ya kazi? Nani alikufa?"

Tulimwapia kwamba hakuna. Hakutuamini. Alitaka kusikia sauti ya kila mjukuu, wa Alief na wa Cedar Hill, mmoja mmoja. Mdogo wa wote alikuwa bado kwenye basi la shule, na Mama, na moyo wake ule mbovu, akakataa kuondoka uwanjani mpaka mtoto ashuke.