Mumarekani wa mu Fosse

Siku yangu ya kwanza ya kazi mu garage moja ya Butembo, chef d'atelier, mukubwa wa mafundi bote, alinionyesha motokari mbili. "Huyu mudogo ni Mwingereza. Huyu mukubwa ni Mumarekani. Hapana kuchanganya funguo zao!" Ni vile tulikuwa tunasemaka kila siku: Mwingereza anakohoa, Mumarekani anavuja.

Mwingereza alipitia Uganda, volant, ule usukani, iko kuume. Ukimupandisha mulima ya Musienene, ulikuwa unamusukuma na roho. Mumarekani, aka! Alikunywa essence, ile petroli, kama mujomba kwenye ndoa, na akikutana na mwenziye mu ile barabara ndogo ya Beni, moja aliingia mu shamba ya mihogo.

Kisha uasi ikafika. Baasi balikuwa banatafuta Bamarekani kila nyumba, sababu ya ndege zao zenye zilikuwa zinabapiga mabomu. Mimi nilikuwa mu fosse, ile shimo ya kutengeneza gari kwa chini, na nikaona buti zinaingia.

"Nani iko humu?"

Chef akajibu vile alizoea: "Ni Mumarekani, mukubwa. Tumemutoa kichwa."

Kichwa ni culasse, kifuniko ya moteur, ile injini. Lakini bale basikari balisikia ingine. Bakakoki bunduki, ka-ka.

"Mumarekani, toka! Mikono juu!"

Mungu wangu! Chini ya ile gari nilikuwa miye peke yangu. Nikatoka, mweusi na mafuta. "Hapana, commandant! Miye mutu wa Musienene! Mumarekani ni hii gari!"

Commandant akaangalia miye, akaangalia gari, akaangalia miye tena. Hakucheka. "Basi huyu Mumarekani wenu awake sasa. Asipowaka, mutakufa bote babili."

Kichwa ilikuwa juu ya meza, vipande vipande. Chef akaonyesha ile gari mudogo. "Commandant, kamata Mwingereza. Yeye iko tayari."

"Mwingereza? Magoti zangu nitaziweka wapi?" Lakini akaingia, kwa kushoto, akapapasa. "Mumeiba volant!"

"Iko kuume, mukubwa, kuume!" Tulipiga kelele sisi bote babili.

Akahama, akavuta démarreur, ile ya kuwasha moteur. Mwingereza akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akawaka, baasi bakaenda naye.

Sasa niko mu pension, nimeacha kazi. Bafundi bavijana banakujaka kuniuliza gari gani ya zamani ilikuwa muzuri, banangoja niseme Mumarekani. Ninabaambia Mwingereza. Banacheka sana. Bacheke tu, bao habakusimama pale kusikiliza kama atawaka ao hapana.