Kitenge cha Hadithi ya Mwisho

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na sindano ya mkono, shule niliiacha darasa la tatu, na leo nina vyerehani vinne hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Mke wangu, ambaye amesoma, akaleta kitabu kikuukuu cha Kifaransa: hadithi za mambo ya kesho, zote za mwandishi mmoja. Akasema walau moja itanishangaza. Nikamwahidi ikitokea hivyo, nitamnunulia kitenge.

Akawa ananisomea kwa Kiswahili huku nashona suruali ya mteja. Umeme unaochotwa chini ya ziwa?

"Mama, hiyo iko hapa Kivu."

Ndege bila rubani inayopeleka damu hospitali?

"Hata wachunga ng'ombe wa Mudende wameizoea."

"We mubishi! Bon, ngoja."

Hadithi ya mwisho, baba anarudi kutoka nyotani akiwa bado kijana. Anayemfungulia mlango ni bibi kizee, binti yake aliyemwacha mdogo. Binti anamuuliza kama amekula.

Mguu wangu ukawa unakanyaga cherehani tu.

Mke wangu akacheka. "Fundi mukubwa, hiyo suruali umeishona muguu ukazibika. Mutu ataingilia wapi?"

Kitenge alichagua mwenyewe, tena bila huruma: faranga elfu ishirini na nne na mia tano.