Sauti ya Mama Mkubwa

Kazi yangu ni kuandika miongozo ya watumiaji. Kabla toleo jipya la programu yetu ya simu halijatoka, mimi ndiye ninayepanga nini kielezwe na kwa maneno gani. Programu ni ya wakulima wa korosho: huwakumbusha wakati wa kupulizia dawa na huwaonyesha dalili za magonjwa kwenye majani. Ofisi yetu ipo mjini, mtaa wa Ufukoni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mwaka jana tuligundua kwamba wengi hawasomi tunayoandika, tukakubaliana toleo litakalofuata liwe na mwongozo wa sauti. Nikampendekeza dada yake mama, mkulima wa kijiji cha Mpapura, ambaye akisimulia jambo watu huacha wanachofanya. Mkuu wetu akasema sawa, tujaribu.

Siku ya kurekodi, mama mkubwa alifukuza kuku, akafunga madirisha. Bati lilikuwa limepata moto. Alirudia kila sentensi mpaka niliporidhika, huku akijifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Kwa hiyo mtu wa Newala akibonyeza, ananisikia mimi?"

"Wewe mwenyewe, mama."

Sikupaswa kusema hivyo wakati kikao cha ofisi kilikuwa bado hakijaipitisha sauti yake. Ijumaa ya wiki hiyo aliwatangazia wenzake wa darsa la kina mama.

Kikaoni mkuu aliifungulia sauti ya mama mkubwa. "Bonyeza hapa kuludi nyuma." Mmoja akacheka, wakafuatia wengine. Nami nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha, kicheko kilinitoka tu, kana kwamba mimi sikulelewa na watu wanaotamka hivyo hivyo.

"Mikoa mingine watatushangaa," alisema mkuu. "Tutafute binti wa Dar aliyezoea kusoma redioni. Mpango ni wako, unaonaje?"

"Sawa tu," nikajibu. Nikabadilisha mpango pale pale, tukaendelea na ukurasa wa magonjwa.

Sikumpigia simu. Nilijiambia habari kama ile huelezwa ana kwa ana, kisha nikajificha nyuma ya kazi za toleo. Nilipofika Mpapura, programu ilikuwa imeshatoka. Siku chache kabla, wenzake wa darsa walijaa barazani kwake kumsikiliza, wakabonyeza simu ya jirani, na akazungumza mtu mwingine.

"Niliwaambia labda simu ile mbovu," mama mkubwa alisema. Alikuwa akimenya mihogo, hakuinua macho. "Ilikuwa mbovu?"

"Hapana, mama. Walichagua sauti nyingine."

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Basi mbona hukuniambia, mwanangu?"

Nikaanza kumweleza habari za mikoa mingine na matamshi. Nilijisikia nikizungumza kama mkuu wangu.

"Walinicheka?"

"Hapana."

Kama aliniamini, sijui. Alinisogezea kisu cha pili, nikakaa kwenye mkeka tukamenya pamoja. Nilitaka anifokee. Badala yake alinifungia mihogo ya kurudi nayo mjini, nami nikaipokea.

Sasa tunapanga toleo jingine. Safari hii niliandika mwanzoni kabisa mwa mpango kwamba sauti zitoke kwa wakulima wa huku, na nikasimama kikaoni kulitetea pendekezo hilo. Mkuu amesema tutaona. Nilipomdokezea mama mkubwa kwamba huenda tukamhitaji, alisema yeye hana nafasi, niwaulize vijana.

Tangu siku ile ya barazani, wenzake wa darsa wanamwita Redio. Ni utani wa watu wanaopendana, na yeye huitikia na kucheka nao. Juzi nilikuwepo. Mmoja alipita njiani akaita, "Redio, hujambo?" Mama mkubwa akamjibu kwa sauti kubwa, ya furaha, nami nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu.